Kimya cha Vinundu

Tangu watoke kwa daktari wa koo, mke wa Mwalimu hakufungua mdomo ila kwa kula.

Daktari alikuwa amesema machache tu: vinundu kwenye nyuzi za sauti, na dawa yake ni kimya. Mwanamke yule, aliyezoea kupaza sauti mchana kutwa mbele ya watoto wa chekechea, aliitikia kwa kichwa. Akafika nyumbani, akanyamaza kama jiwe.

Mwalimu ndiye aliyeumia. Ndoa yao ilisimama juu ya ubishi. Yeye alifundisha lugha sekondari, na hakuna neno lililoingia sebuleni kwao likatoka salama: atalivuta huku, mkewe atalivuta kule, mpaka chai ipoe. Sasa limekuja neno tamu kama hili, na hana wa kulivuta naye!

"Vinundu," alianza, akiizunguka meza. "Nundu ni lile pande la nyama mgongoni mwa ng'ombe. Lipachike ki- mbele, linanywea, linakuwa kinundu. Vikiwa vingi, vinundu. Kweli au si kweli?"

Mkewe akaendelea kukunja nguo.

"Na hiyo nundu yenyewe imetoka wapi?"

Mkewe akachukua shati jingine.

Mwalimu akakohoa, akanywa maji, akaamua kumchokoza. "Basi ni kutoka kununa! Mtu akinuna uso unavimba, ndiyo nundu!"

Uongo mtupu, na alijua. Mkewe aligeuka, macho yamemtoka, midomo inamcheza. Mwalimu akasogea kwa hamu. Lakini mama wa watu alichota karanga kwenye bakuli, akazijaza kinywani hadi mashavu yakatuna.

"Baba, mwache mama!" binti yao aliita kutoka jikoni. "Daktari si alisema kimya?"

"Kimya, kimya! Kwani nimeoa sanamu?"

Siku zikaenda hivyo. Alimtania, akambembeleza, akamfokea, hakuambulia kitu. Chakula kikawa hakipiti, nyumba ikamwelemea kama ya msiba. Akaanza kuogopa kwamba mkewe amemchoka, na vinundu ni kisingizio tu.

Siku ya kurudi kliniki hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Daktari, nieleze ukweli! Huyu hasemi nami hata neno moja. Ulimwambia nini?"

Daktari akavaa taa yake kichwani, akamtazama mama kwa huruma.

"Pole sana, mama. Nilidhani akikosa wa kubishana naye, atanyamaza."

Kisha akamgeukia Mwalimu. "Haya, panua mdomo tuvione hivyo vinundu vyako."