Kuvu Kwenye Chupa

Chupa nyingine ilikuwa imeota manyoya meupe. Nduta aliiinua kwenye mwanga, akaona kimche cha mboga ya mwangani kimelala ndani ya kuvu, na akajua papo hapo wa kumlaumu.

"Mzee Kilonzo!"

Mfagiaji alikuja na ndoo yake. Nduta alimtazama kuanzia kandambili hadi kofia, akasonya.

"Umefungua hizi chupa?"

"Mimi naosha sakafu tu, madam. Huko kwa chupa sijawahi guza."

Hajawahi! Nani wa kumwamini? Nduta alikuwa amezoea maabara za Thika, si kibanda hiki cha mji wa Wote ambapo mfagiaji huingia akinuka ugoro. Mimea hii haikupandwa udongoni. Ilikatwa vipande vidogo kama punje ya mchele, ikalelewa ndani ya chupa, na mtu hakuthubutu kugusa kifuniko kabla ya kunawa kwa spiriti na kuvaa barakoa. Pumzi moja tu ilitosha kuleta kuvu. Lakini kumweleza hayo mtu wa vichakani ni kumpigia mbuzi gitaa.

Na haukuwa mchezo. Mwangani huu wa dawa ulimea kwenye mwamba mmoja tu kule Migwani, na akina mama waliojifungua walipewa mchuzi wake ili warudishe damu. Mbegu zake zilikataa kuota. Kisha kiangazi cha mwaka jana kikamaliza shina lenyewe. Kilichobaki kilikuwa ndani ya chupa hizi, nazo zilikuwa zikifa.

Daktari Muthama, mkuu wa maabara, aliingia akaiona ile chupa. Alikuwa mwana wa Migwani aliyesomea ng'ambo, na hakuna aliyewadharau watu wa Migwani kumshinda yeye.

"Watu wetu ni bure kabisa," alisema. "Wanaamini hirizi, wanaamini ndoto, wanaamini kila kitu isipokuwa sabuni. Mimi hayo niliyaacha nyumbani pamoja na kaptura ya shule."

Nduta alicheka. Alimpenda daktari kwa maneno kama hayo. Hata daktari alipomtuma stoo, kama ilivyokuwa desturi kila chupa mpya zikipangwa, alikwenda akiendelea kucheka.

Kilonzo alifutwa kazi siku hiyo hiyo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Daktari, sisi ni wa kijiji kimoja. Msichana wangu anajifungua mwezi huu. Sasa nitamlisha nini?"

"Mlishe usafi," daktari alimjibu, akafunga mlango.

Likawekwa kufuli jipya. Ufunguo mmoja akabaki nao daktari, mwingine Nduta. Sakafu akaisugua Nduta mwenyewe, akinung'unika, lakini afadhali maumivu ya mgongo kuliko kumwona yule mzee tena.

Chupa zikaendelea kuoza.

"Huyo mzee ametuachia uchafu wake kwenye kuta," daktari alisema. Nduta akasugua kuta kwa dawa mpaka vidole vikachubuka, na kila alipochovya kitambaa alimlaani Kilonzo na ukoo wake wote.

Mwishowe ikabaki chupa moja. Ndani yake kimche kilikuwa kimesimama wima, kijani kibichi, kimeshusha mizizi. Kilikuwa tayari kuhamishiwa udongoni. Nduta alikitazama akahisi machozi yakimlenga, yeye ambaye hakuwahi kulilia hata mtu.

"Kalete spiriti," daktari alisema kwa upole. "Leo sitaki makosa. Niache kidogo na mtoto wangu."

Nduta alifika stoo akakumbuka kwamba ufunguo wa stoo uko ndani ya koti alilolitundika maabara. Akarudi mbio. Mkono ulikuwa tayari umeshika kitasa alipochungulia kwenye kioo cha mlango.

Daktari alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. Barakoa ilikuwa imeshushwa hadi kidevuni, na chupa ilikuwa wazi mikononi mwake. Akaisogeza karibu na midomo, akaitemea mate taratibu, kama nyanya anavyombariki mjukuu aliyezaliwa leo.

"Kua," alikinong'oneza kile kimche, akatema tena. "Kua, uzae."