Kipimo cha Gatete

Chuma kilizama chenyewe.

Lukeba, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi, alikuwa ametumwa Gatete, karibu na Rumonge, kupima udongo mahali ambapo nguzo ya daraja ingesimama. Ilikuwa Agosti 1972, saa nne asubuhi. Alikuwa ameinua nyundo, lakini hakupiga. Fimbo ya chuma ilishuka mita nzima kwa uzito wake tu.

Akahamia hatua tano kando. Ikazama vilevile. Hatua kumi, vilevile. Darasani walifundishwa kwamba ardhi isiyoguswa hukataa chuma. Inayokipokea hivyo imechimbwa na kufukiwa, tena si zamani.

Ng'ambo ya michikichi, milango ya nyumba ilikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

"Iko namna gani?" aliuliza askari aliyepewa kazi ya kumlinda.

Lukeba aliichomoa fimbo taratibu. Katika tope lililonata kwenye ncha mlikuwa na kifungo cha shati, cheupe, uzi ukiwa bado ndani ya matundu yake. Akakifumbata. Kilikuwa cha baridi.

"Chini iko maji, shefu," alisema. "Daraja halitakaa hapa. Tulisogeze juu, pale kwenye mawe."

Askari alikanyaga udongo kwa buti, mara mbili. "Andika hivyo."

Lukeba aliweka daftari gotini, akaandika maji.

"Mwenzako aliyekutangulia naye aliandika maji," askari alisema kwa upole. "Sasa fungua huo mkono mwingine."