Nungunungu Aomba Cheti cha Ubaba

Wanyama walipokwisha kuvumbua mihuri, Nungunungu alimwoa mjane Nguchiro, akamkuta na binti aliyefikia umri wa ujeuri. Mwaka mzima binti hakuitikia salamu yake, na sasa alitishia kuhamia kwa mjomba. Nungunungu akaona dawa ni cheti cha ubaba, akamkokota binti hadi ofisini.

Karani Korongo akafungua fomu. "Mtoto anapenda kula nini?"

"Mayai, ila kiini hataki."

"Anaogopa nini?"

"Radi. Ikipiga, nakaa mlangoni kwake nikijifanya natengeneza bawaba."

Binti akageuka. Kumbe! Siku zote alikuwa akijiuliza ni bawaba gani hiyo isiyopona.

"Kujifanya ni udanganyifu," akasema Korongo. "Ombi limekataliwa!"

"We mdomo mrefu," binti akang'aka, "usimfokee mzee wangu!"

Miiba yote ya Nungunungu ikalala.

"Mna siku saba za kukata rufaa," Korongo akanong'ona.

"Ya nini tena, bwana karani?" akasema Nungunungu, akamfuata binti aliyekwisha kumshikia mlango.