Goti la Nyota

Simu iliita huku fundi baiskeli akiwa amepakata gurudumu la mteja. Alikuwa dada yake, mchuaji wa misuli katika timu moja kubwa ya mbio za baiskeli.

"Kaka, lile jeraha la goti la nyota wetu nililokwambia juzi, umemwambia mtu?"

"Mimi? Hata mke wangu hajui!"

Na kweli, hakumwambia mtu. Alichofanya ni kumtoa tu yule nyota kwenye kikosi chake cha kubashiri, ule mchezo wa simu ambamo karakana nzima huchagua waendeshaji na kuvuna pointi wakishinda. Alimtoa kimyakimya, kwa dole gumba lenye grisi. Doa la grisi lilikuwa bado kwenye kioo, na sasa alihisi linamteleza shavuni.

"Afadhali," dada akashusha pumzi. "Habari imevuja, bosi amewaka moto. Nimemwapia si mimi."

Fundi akafungua mdomo amweleze.

"Bingwa!" mpaka rangi wa karakana akapaza sauti kutoka mlangoni. "Tulipoona umemtoa yule nyota, tukajua una habari za ndani. Wote tumemtoa, mpaka mashemeji zetu! Haya, dada kasemaje leo?"

Fundi aliiziba simu kwa kiganja, akamkodolea macho anyamaze. Lakini maji yalishamwagika.

"Mjibu, kaka," sauti ya dada ikasema ndani ya kiganja chake.