Ini la Aikande

Tangu ini la Mzee Mlaki lilipochakaa kwa pombe za safari zake, damu yake ilisafishwa na ini la mkewe, Aikande. Siku hizo wanandoa waliruhusiwa kuchangia ini: kidude kama punje ya mahindi chini ya mbavu za kila mmoja, basi pombe anayokunywa huyu inakwenda kuvunjwavunjwa kwa yule. Kila alipoamka hai, Mlaki alishukuru.

Sharti lilikuwa moja tu, asizidishe kata moja ya mbege, pombe ya ndizi. Ini la Aikande likizidiwa, kinachobaki kinampanda Aikande kichwani.

Siku ya posa ya mjukuu wao, wageni walimpa kata. "Mzee, usitutie aibu." Akanywa ile moja, akairudisha kwa furaha.

Punde akasikia kicheko jikoni. Aikande alikuwa ameegemea ukuta, chumvi ameitia kwenye chai.

"Mama Elineema, mbona hivi?" Mlaki akamwuliza mkewe. "Nimekunywa moja."

"Na mbege kapika nani? Mpikaji asipoonja kwanza, wageni watakunywa?"

Mlaki akajishika kichwa. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni, na leo haikumjia hata kidogo. Akamkalisha, akamnywesha maji. "Ahsante, mke wangu. Umenibebea mengi."

Aikande akamtazama kwa macho malegevu. "Miaka yote ile nilikungoja mlangoni, nisijue huko unafuata nini. Kumbe ni kuzuri." Akamsukuma taratibu kuelekea uani kwa wageni. "Nenda, baba. Kaninywee nyingine."