Fundi Ndani ya Kiota cha Mteja

Zama ndege walipokuwa wakiagizana kazi, Chiriku, msemaji asiyechoka, alimwagiza Mnana, fundi wa kusuka, kiota cha kutagia. Kiota kikakamilika, kikapendeza, lakini fundi hakukikabidhi. Kulikoni? Mvua kubwa ilipokatika tu, Chiriku akaenda kuchungulia. Akamkuta Mnana kajikunyata humo ndani, katulia kama mwenye nyumba!

“Ala! Fundi, umehamia kwangu? Mimi nikatage wapi? Na wanangu je?”

Mnana akatoka, maji yakimchuruzika mgongoni.

“Kinavuja, bibie. Nilitaka kujua kabla hujataga. Heri niloe mimi kuliko makinda yako.”

Papo hapo akaanza kukifumua.

Chiriku akafungua mdomo, si kusema, bali kumpokea fundi nyasi zilizofumuliwa.