Maneno Mawili na Hamdan

Kwa mara ya tatu Mwatum alirudishwa nyuma ya ukumbi.

"Kule mbele wanakaa wageni rasmi, bi mkubwa," alisema Mgeni, msimamizi wa mlango.

Mwatum akamweleza kwamba ametoka Makangale tangu alfajiri, na kwamba kiti hakitaki, anataka maneno mawili tu na Hamdan. Zaidi ya hapo hakusema. Mgeni akacheka. Nani Chake Chake asiyetaka maneno mawili na Hamdan? Mpemba huyo anasakata kandanda la kulipwa ng'ambo, na leo anatunukiwa ngao kwa kuwatetea wanawake wanaonyimwa mirathi. Kila akihojiwa redioni husema hilo hilo: fungu la mwanamke kalipanga Mungu, nani wewe wa kulipangua?

Mwatum alikwisha kuchoka kuyasikia maneno hayo. Mwaka wa sita huu tangu baba yao afariki, na shamba la mikarafuu halijagawiwa. Kaka yake kaweka mtu wa kuvuna. Yeye habakishiwi hata makonyo, vile vikonyo vitupu vya karafuu. Alikwenda kwa sheha, akapewa pole. Akaenda kwa kadhi. Kaka akaitwa, hakutokea. Simu hapokei.

Aliyasema hayo kwa Bi Duni, mama wa makamo aliyekaa naye benchi moja.

"Mfuate Hamdan mwenyewe," Bi Duni akamshauri. "Huyo ndiye atakayemtia haya kaka yako."

"Ndiye niliyemfuata. Wamenizuia."

Bi Duni akampeleka kwenye meza ya msaada wa sheria, iliyowekwa kando ya ukuta kwa ajili ya siku hiyo. Mwanasheria, Suhaila, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, jambo ambalo kwa miaka sita hakuna aliyelifanya. Akaanza kujaza fomu. Akaahidi kwamba barua ya wito itatoka wiki hii hii.

Hajafika nusu, jina la Hamdan likatajwa jukwaani na ukumbi mzima ukainuka. Suhaila naye akasimama, akapiga makofi mpaka machozi yakamlengalenga. Mwatum peke yake ndiye aliyebaki amekaa.

"Samahani, Bi Mwatum," Suhaila alisema, akiketi na kuichukua tena kalamu. "Tulifika kwa mlalamikiwa. Kaka yako anaitwa nani?"

"Ndiye huyo uliyempigia makofi."